Msomaji Aliyelipwa na Wasokota Siga

Meza ya msokota siga wa Havana haina vitu vingi. Kuna ubao mgumu, kopo dogo la gundi ya mimea isiyo na ladha, kipimo chenye matundu ya unene mbalimbali, kikatio cha kusawazisha urefu, na chaveta, kisu bapa cha chuma chenye umbo la hilali kisicho na mpini. Pembeni kuna mafungu ya majani yaliyotiwa unyevu yasije yakavunjika. Msokotaji wa mwaka 1850 angerudi leo angevitambua vifaa hivi vyote na kuanza kazi bila kuuliza. Kwa vifaa hivyohivyo, kampuni ya Habanos inayouza siga za Cuba duniani iliingiza dola milioni 721 mwaka 2023.

Hadithi za wageni kwamba siga hizo husokotwa kwenye mapaja ya wasichana ni uzushi mtupu, na zimeificha kazi yenyewe kwa muda mrefu mno. Kazi yenyewe ni ya ubaoni, ya vidole na ya hesabu.

Msokotaji huanza na tumbaku ya ndani, majani ya sehemu tatu za mmea. Volado, jani la chini, lina ladha hafifu lakini hushika moto vizuri. Seco, la katikati, huleta harufu. Ligero, la juu, limeshiba jua, ni kali na huungua polepole. Ligero likikaa pembeni, siga huungua upande mmoja na kuuacha mwingine, kwa hiyo msokotaji hulizamisha katikati na kulizungushia mengine, kila jani likiwa limekunjwa kwa urefu ili hewa ipate njia. Akibana sana, mvutaji atavuta mpaka mashavu yaume na moshi usipite. Akilegeza, siga itapata joto kali na moshi utageuka mchungu. Hakuna mizani mezani pa kumwambia amefikia wapi. Vidole ndivyo vinavyojua. Baadaye hufunga fungu hilo kwa jani la pili, akalibana ndani ya kalibu likae umbo.

Jani la kufunika ndilo linalomtoa mtu jasho. Huko Vuelta Abajo, mkoani Pinar del Río, mimea ya jani hilo hulimwa chini ya vitambaa vyepesi vinavyopunguza makali ya jua, ili litoke jembamba, nyororo na lisilo na mishipa minene. Viwanda vya nje ya Cuba navyo hulithamini sana jani la Kameruni, jembamba na lenye vinundu vidogo vinavyosikika kwa kidole. Msokotaji hutandaza nusu ya jani ubaoni, hulikata kwa mkato mmoja wa kupinda, halafu hulizungusha kwa mshazari huku akilivuta, kama mtu anayefunga bendeji kwenye kidole. Nusu ya kushoto huzungushwa upande mmoja na ya kulia upande wa pili, mishipa isije ikakatiza hovyo. Kichwani humalizia kwa kiduara alichokichonga kwenye bakaa la jani hilohilo, kikabandikwa kwa tone la gundi.

Msomaji wa Urambo, Kaliua au Namtumbo anaijua tumbaku kwa upande wa shamba: tumbaku ya mvuke inayokaushwa kwenye mabani yanayomaliza kuni za miombo, na tumbaku ya moshi ya Ruvuma. Siga hutaka tumbaku ya hewa. Majani hutundikwa kwenye nyumba zenye upenyo mpaka yageuke kahawia yenyewe, halafu hurundikwa yachachuke kwa miezi, mengine kwa miaka, yakitoa harufu kali ya amonia. Kabla halijafika mezani jani limeshapita kwa mkulima, kwa mchambuzi wa rangi na ukubwa, na kwa wanawake wa kutoa mshipa wa kati, kazi ambayo Cuba imewaachia wanawake tangu karne ya 19 na ambayo hakuna anayeipigia picha ya kwenye kadi za watalii.

Mafunzo huchukua takriban miezi 9 na wengi huishia njiani. Anayefuzu huanza na siga ndogo zilizonyooka. Zile zenye ncha nyembamba na tumbo nene huachiwa wenye daraja la juu. Kwa siga ya ukubwa wa kawaida mtu husokota karibu 100 kwa siku, na kubwa hupungua. Hufungwa kwa mafungu ya 50, yakapelekwa kupimwa uzito, unene na urefu, na tangu miaka ya mwanzoni mwa 2000 kuna kifaa kinachopima kama hewa inapita. Malipo ni kwa idadi iliyopita ukaguzi.

Mfumo huo wa malipo unastahili kuangaliwa kwa makini, maana ndani yake ndimo ulimozaliwa uhuru wa watu hawa. Anayelipwa kwa idadi anaumia akichelewa, hilo halina ubishi. Lakini saa yake ni yake. Msokotaji wa zamani aliweza kusimama, kunywa kahawa, kubishana na jirani kuhusu bei ya mkate, na hasara ikawa juu yake peke yake. Na kazi yake haikuwa na kelele. Mfanyakazi wa kiwanda cha nguo alizibwa masikio na mitambo; ukumbini kwa wasokotaji kulisikika mkwaruzo wa chaveta na kukohoa. Mikono na macho vilikuwa na shughuli, masikio hayakuwa nayo.

Mwaka 1865 wasokotaji wa kiwanda cha El Fígaro, Havana, waliyapatia masikio kazi. Tarehe 21 Desemba mmoja wao aliacha meza yake akaanza kuwasomea wenzake kwa sauti, nao wakachanga kufidia siga ambazo hakusokota. Wazo hilo lilipigiwa debe na La Aurora, gazeti la wafanyakazi lililoanzishwa mwaka huohuo na Saturnino Martínez, ambaye mwenyewe alikuwa msokotaji wa kiwanda cha Partagás. Mwanzoni mwa 1866 Partagás nako kukawa na msomaji. Wengi waliokuwa wakisikiliza hawakujua kusoma. Ilipofika Mei, serikali ya kikoloni ya Kihispania ilishaona inatosha: ikapiga marufuku kuwasomea wafanyakazi vitabu na magazeti viwandani.

Ni rahisi kuona kilichoitia serikali hofu. Mtu mmoja akisoma gazeti nyumbani amejua habari. Watu 300 wakisikia habari ileile kwa dakika ileile, wakiwa wamekaa bega kwa bega na siku nzima ya kuijadili mbele yao, wamefanya mkutano bila kuomba kibali.

Vita vya uhuru vya 1868 viliwatawanya wasokotaji kuvuka bahari kwenda Florida, na usomaji ukasafiri nao. Vicente Martínez Ybor, Mhispania mwenye kiwanda, alihamia Key West mwaka 1869, na mwaka 1886 akafungua kiwanda karibu na Tampa, katika mji aliouanzisha ambao hadi leo huitwa Ybor City. Huko msomaji alijengewa jukwaa refu katikati ya ukumbi ili sauti iwafikie wote. Hapakuwa na kipaza sauti. Kila msokotaji alitoa kwa kawaida senti 25 kwa wiki. Kamati yao ilikusanya fedha, ikamfanyia majaribio anayeomba kazi, ikapigisha kura ya kitabu kitakachofuata. Asubuhi zilisomwa habari, mara nyingi msomaji akitafsiri papo hapo gazeti la Kiingereza kwa Kihispania. Baadaye zikaja riwaya: Cervantes, Hugo, Zola, Dumas. Usomaji ukiwakuna, ukumbi mzima uligonga chaveta ubaoni. Ukiwachukiza, waliziangusha sakafuni. Mapenzi ya wasokotaji wa Havana kwa *The Count of Monte Cristo* ya Dumas ndiyo yanayosemekana kuipa jina siga ya Montecristo mwaka 1935.

Jambo la kukaziwa ni nani aliyelipa. Mwenye kiwanda alitoa ukumbi. Msomaji alikuwa mwajiriwa wa wasokotaji, wao ndio waliomchagua na wao ndio wangeweza kumwondoa. Hilo ndilo lililoupa usomaji meno, na ndilo linalosahaulika kila unaposimuliwa kama kiburudisho kizuri cha zamani.

José Martí alilielewa vizuri. Novemba 1891 alifika Tampa akahutubia wasokotaji, na mwaka uliofuata akaanzisha Chama cha Mapinduzi cha Cuba. Fedha za chama zilitoka kwa sehemu kubwa kwenye mishahara ya kumbi za Tampa na Key West, watu wakikatwa sehemu ya kipato chao wiki baada ya wiki kwa ajili ya nchi ambayo wengine walikuwa hawajaiona tangu utotoni. Tampa wanasimulia hadi leo kwamba amri ya kuanza maasi ya 1895 ilivushwa kwenda Cuba ikiwa imesokotwa ndani ya siga. Martí alipokuwa mgonjwa alitunzwa nyumbani kwa Paulina Pedroso, mwanamke Mweusi wa Cuba. Kiwanja cha nyumba hiyo leo ni bustani yenye jina la Martí, na hati yake ni ya taifa la Cuba ingawa iko katikati ya Florida.

Ukumbini Weusi na weupe walikaa benchi moja wakisokota siga zilezile. Nje ya mlango sheria za ubaguzi za Florida zilikuwa zikiwasubiri. Mwaka 1900 Wacuba Weusi wa Tampa walijikuta na chama chao peke yao, Martí-Maceo, kilichobeba jina la mshairi mweupe na jenerali Mweusi waliokufia vita vilevile. Kwa hiyo benchi lilikuwa na nguvu, lakini nguvu hiyo ilikuwa na mpaka, na asiyeutaja mpaka huo anaipamba historia.

Novemba 1931 wenye viwanda wa Tampa waliwaondoa wasomaji wote, wakidai wanasoma propaganda ya kikomunisti. Wasokotaji wakatoka kazini. Walipofungiwa nje na kuandamwa na polisi, na uchumi wa dunia ukiwa umeporomoka, walirudi wakakuta majukwaa yamebomolewa. Mahali pa msomaji ikawekwa redio. Redio haiulizwi swali, na haichaguliwi kwa kura.

Kuna kisa kingine kinachosaidia kuona kilichokuwa kikigombewa. Samuel Gompers, aliyezaliwa London mwaka 1850 na kuhamia New York akiwa kijana mdogo, alikuwa msokota siga kabla ya kuwa rais wa kwanza wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Marekani, AFL, mwaka 1886. Katika kumbukumbu zake anaeleza jinsi wasokotaji walivyomteua mmoja awasomee na kumpa siga kutoka mafungu yao ili asipungukiwe ujira. Hapakuwa na asili ya Cuba katika hilo. Ukumbi wa kimya na malipo ya idadi vilizaa jambo lilelile katika lugha nyingine.

Lakini New York hiyohiyo ilikuwa na wasokotaji wasio na ukumbi. Wenye mali waliwapangisha wahamiaji vyumba katika majengo ya msongamano, wakawapa tumbaku, na familia nzima, watoto wakiwemo, ikasokota humohumo ilimolala na kupikia. Gompers alipigania sheria ya kuzuia hali hiyo. Theodore Roosevelt, wakati huo mbunge kijana wa jimbo, alikwenda kuviona vyumba hivyo akabadili msimamo wake na kuiunga mkono. Sheria ilipita mwaka 1884. Januari 1885, katika kesi iitwayo In re Jacobs, mahakama ya rufaa ya jimbo iliifuta, kwa hoja kwamba inamnyima mtu uhuru wa kufanya kazi nyumbani kwake. Majaji waliouandika uamuzi huo walizungumzia uhuru wa mtu aliyekuwa akifanya kazi chumbani na wanawe hadi usiku, asiye na jirani wa kulinganisha naye ujira.

Ujuzi wa mikono ulikuwa ule ule. Kilichokosekana kilikuwa watu wengine ndani ya chumba. India inalithibitisha hilo kila siku hadi leo: bidi, sigara ndogo za kufungwa kwa jani la tendu, husokotwa na mamilioni ya watu, wengi wao wanawake walioketi nyumbani, mara nyingi wakitakiwa kutoa 1,000 kwa siku. Mletaji wa majani ndiye mkaguzi, naye hukataa anazotaka kuzikataa. Kuna vyama vya wanawake vilivyopambana hata wakapata vitambulisho na huduma za afya, lakini walilazimika kwanza kutafutana mlango kwa mlango, jambo ambalo msokotaji wa Ybor City alilipata bure kwa kuketi tu.

Mashine ilipokuja miaka ya 1920 haikuhitaji kumshinda msokotaji kwa ubora. Ilitosha kumshinda kwa bei. Kwa siga za senti 5, wanawake wachache walioingiza majani kwenye mtambo walichukua nafasi ya wasokotaji wengi waliokaa miaka wakijifunza. Cuba ilikataa kwa muda. Kampuni ya Por Larrañaga ilipoleta mitambo katikati ya miaka hiyo, wasokotaji waliisusia vikali, na siga ya mkono ikaendelea kuwa fahari ya kisiwa. Fahari hiyo imelindwa na migomo, na ni vyema wavutaji wanaolipa bei kubwa wakalijua hilo.

Baada ya serikali ya mapinduzi kutaifisha viwanda mwaka 1960, mambo mawili yalibadilika. Wanawake waliingia kwenye benchi la kusokota, ambalo kwa sehemu kubwa lilikuwa la wanaume. El Laguito, jumba la kifahari viungani mwa Havana, liligeuzwa kiwanda na mahali pa kuwafundishia, na ndiko ilikotoka Cohiba mwaka 1966, siga iliyokuwa ya viongozi na zawadi za mabalozi hadi ilipoanza kuuzwa mwaka 1982. Leo kwenye kumbi nyingi wanawake ndio wengi. Hapa Cuba inastahili sifa bila kusitasita.

Badiliko la pili lina utata zaidi. Msomaji alibaki, bado yupo, na mwaka 2012 usomaji huo ulitangazwa urithi wa utamaduni wa taifa. Wasokotaji bado humsikiliza kwenye majaribio na bado huchagua riwaya. Mshahara wake, hata hivyo, unatoka kwa mwajiri, ambaye ni dola, na habari za asubuhi zinatoka kwenye magazeti ya dola hiyohiyo. Kipaza sauti kimekuwa bora. Zile senti 25 zilinunua kitu ambacho kipaza sauti hakirudishi, na urithi wa taifa ungekuwa kamili zaidi kama ungewarejeshea wasokotaji haki ya kumlipa, na hivyo kumtuma, msomaji wao.

Vikwazo vya Marekani vya 1962 navyo vilipeleka mbegu, wakulima na mabingwa wa siga kwingine: Santiago na Tamboril katika Jamhuri ya Dominika, Estelí nchini Nikaragua, Danlí nchini Hondurasi. Huko mara nyingi kazi imegawanywa watu wawili. Mmoja hutengeneza fungu la ndani, mwenzake hufunika. Siga zao ni nzuri, na wajuzi wengi wanaziweka sawa na za Havana au juu yake. Lakini mgawanyo huo una maana kwa mfanyakazi. Anayejua nusu ya siga hujifunza haraka, na hubadilishwa haraka.

Wakati huohuo fedha zinazidi kupanda juu. Mwaka 2022 Habanos ilipandisha bei ya Cohiba duniani kote, na katika masoko mengi ikapita maradufu. Februari 2024, kwenye mnada wa Havana, kabati moja la siga za Cohiba lilinunuliwa kwa zaidi ya euro milioni 4. Fedha za mnada huo huelekezwa kwenye huduma za afya za Cuba, na hilo ni jema. Msokotaji hulipwa kwa peso, katika nchi ambayo mfumuko wa bei umeitafuna peso vibaya. Kwa takwimu za serikali yenyewe, zaidi ya watu milioni 1 waliondoka Cuba katika miaka ya 2022 na 2023, wasokotaji wakiwemo, na kila fundi wa daraja la juu anayeondoka huacha pengo la miaka. Shamba nalo liliumia: kimbunga Ian cha Septemba 2022 kilibomoa nyumba za kukaushia kwa maelfu huko Pinar del Río.

Hayo yote yanahusu bidhaa inayoua. Siga husababisha saratani ya kinywa, ya koo na ya mapafu, hata kwa asiyemeza moshi, na safu hii haiombi mtu yeyote aiwashe. Ila kupungua kwa uvutaji kutakapofika kwenye siga za bei kubwa, watakaotangulia kukosa kazi ni watu wa ubaoni, na mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku uliliona hilo. Ibara yake ya 17 inazitaka nchi wanachama ziwasaidie wafanyakazi na wakulima wa tumbaku kupata njia nyingine za kujipatia riziki. Tanzania na Kenya zimo ndani ya mkataba huo, na wakulima wa Tabora wana haki ya kuidai ibara hiyo. Cuba ilisaini mkataba mwaka 2004 lakini haijauridhia. Jamhuri ya Dominika haikusaini kabisa. Nikaragua iliuridhia mwaka 2008. Kwa hiyo katika nchi hizo tatu za wasokota siga, wa Estelí ndio peke yao wenye ibara hiyo ya kuishikia serikali yao, ingawa ndio pia ambao kazi yao imegawanywa nusu kwa nusu, na hakuna wanayemlipa ili awasomee ibara hiyo ukumbini.